Maji ya Bamvua Siku Aliyozikwa Basilisa

Saladina, mchokora kome mwenzake, alipogonga mlango, Herminda alikuwa jikoni akinoa meno ya reki yake kwa tupa. Ilikuwa Jumanne, saa tano kasoro, na kila mwanamke wa Corveiro alikuwa akifanya kazi hiyohiyo, kwa kuwa kesho yake fungu, ule mchanga wa kome unaofichuka maji yakikupwa, lingefunguliwa. Alifungua mlango na tupa mkononi. Saladina alikuwa amesimama kwenye kizingiti, suruali yake ya mpira ikichuruzika maji ya chumvi. Si kawaida ya wanawake wa pwani ile kuingia mtaani na suruali ya mpira. Huivua ufukweni, wakaisuuza na kuitundika.

"Ingia basi, utaganda."

"Siingii, nitakuchafulia. Herminda, keti kwanza."

"Nikae kwa nini? Sema."

"Ni dada yako. Tumemkuta kwenye fungu. Alikwenda peke yake kupima kome kabla ya kesho. Daktari amekuja, anasema ni moyo. Alikuwa ameshakwisha tulipofika."

Herminda aliitazama tupa. Akauliza swali ambalo baadaye alijiuliza limetoka wapi.

"Ndoo yake iko wapi?"

"Tunayo. Mungu amlaze, Herminda. Mungu amlaze mahali pema."

Kengele za kanisa zilianza kulia kabla Saladina hajafika kona ya barabara.

Watu wote wa Corveiro walijua kwamba Herminda alikuwa hamsemeshi dada yake Basilisa kwa miaka mitatu. Walisalimiana, ndiyo, "Habari za asubuhi" kwenye ngazi za kanisa, basi. Kila Jumapili walikaa benchi moja, lile la mama yao, kwa kuwa hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake. Padri alipowaambia waumini watakiane amani, Basilisa aligeuka kushoto na kunyoosha mkono, na Herminda akageuka kulia kumpa mkono mke wa mwokaji. Kila Jumapili mkono ule ulikaa hewani kitambo kidogo, kisha ukashuka.

Basilisa alizaliwa miaka sitini na mitatu kabla ya Jumanne ile, katika nyumba ya mawe nyuma ya soko la mnada. Baba yao alikuwa baharia wa meli za mbali, mtu wa kuonekana mara mbili kwa mwaka. Mama alichokora kome kwenye mchanga wakati maji yanapokupwa, miguu mitupu hata Januari, na binti zake wawili wakimfuata na vikapu. Enzi hizo hakukuwa na bei. Alikuja mtu na gari, akasimama barabarani, akataja kiasi anachotaka kutoa, na wanawake wakapokea, maana kome ni kitu cha kuoza, na mwenye gari alikuwa yeye peke yake.

Basilisa alipofika miaka thelathini alisema basi. Alikwenda nyumba kwa nyumba, akanywa kahawa katika jikoni sitini, akawashawishi wanawake wapeleke kome wao mnadani kama wanaume wanavyopeleka samaki. Wanaume walicheka.

"Mtanadi nini nyinyi? Mawe?"

"Tutanadi mawe," Basilisa aliwajibu, "na wewe utayanunua Krismasi, mkeo akikutuma."

Mnada wa kule huanza juu. Mnadi hutaja bei kubwa, kisha huishusha haraka haraka, na mnunuzi wa kwanza kuinua kidole ndiye mwenye mali. Siku ya kwanza Basilisa alisimama nyuma ya masanduku yake, macho kayafumba, akimwomba Bikira wa Karmeli kidole kiinuke mapema. Kiliinuka kwenye bei mara tatu ya ile ya mwenye gari. Mwenye gari mwenyewe ndiye aliyeinua.

Tangu hapo waliunda chama, wakamfanya kiongozi wao. Alileta masharti, na masharti yale ndiyo yaliyomfanya apendwe na achukiwe. Kila mwanamke ana kiasi chake cha siku, hazidishi. Wote hulinda fungu kwa zamu, wezi wasije. Kila kome hupitishwa kwenye pete ya shaba: akipita ni mdogo, anarudishwa mchangani. Basilisa aliivaa pete hiyo shingoni kwa uzi, pamoja na msalaba wake, hata vikaanza kugongana na kulia akitembea. Wanawake walimsikia kabla ya kumwona.

"Funikeni ndoo, mama mkwe anakuja," mwenzao Otilia alikuwa akisema, na wote huangua kicheko, na Basilisa naye hucheka, kisha huchungulia kila ndoo.

Kadiri miaka ilivyokwenda, bei ilipanda. Na kadiri ilivyopanda, kome walipungua. Msimu mmoja mvua zilipiga wiki tano mfululizo, na watu wa bwawa la umeme huko milimani wakafungua milango, maji baridi yasiyo na chumvi yakateremka na mto hadi ghubani. Maji yalipokupwa, fungu zima lilikuwa limejaa kome waliofunua midomo, wamekufa. Harufu ilikaa mjini hadi Pasaka. Mwaka ule, kwenye mkahawa wa soko la mnada, karani wa mnada alisoma gazeti kwa sauti: thamani ya mazao ya bahari imepanda tena.

"Soma vizuri," Basilisa alisema. "Imepanda kwa sababu hakuna. Wakibaki kome kumi tu katika ghuba hii, gazeti litaandika tumekuwa matajiri."

"Wewe nawe, Basilisa! Hata habari njema unaitia ndimu," karani alimwambia.

"Tulikuwa wanawake sitini. Leo tuko wangapi? Hebu hesabu hapo."

Walikuwa ishirini na wanane. Hakuna aliyehesabu.

Hapo ndipo alipoleta shauri la kufunga fungu miaka mitatu. Wapande kome wachanga, wawaache wakue, na katika muda huo wajikimu na fungu dogo la upande wa daraja, lenye kome wachache tu. Walipiga kura. Herminda aliinua mkono kumuunga dada yake, na aliinua kwa moyo mweupe.

Kabla mwaka ule haujaisha, Celso, mume wa Herminda, akateleza kutoka kwenye chelezo, pale mashua zinapotengenezwa, na kuvunjika nyonga. Ikaja Krismasi, msimu ambao kome mmoja ana thamani ya mkate. Asubuhi moja ya ukungu Herminda alikwenda peke yake kwenye fungu lililofungwa. Alichukua nusu ndoo. Wengi kati yao walikuwa wachanga, wale waliowapanda wenyewe, na juu yao akafunika mwani. Alipogeuka alisikia pete ikigongana na msalaba. Zamu ya ulinzi ilikuwa ya Basilisa.

Basilisa aliinama, akafunua mwani. Akawamwaga kome mchangani na kuanza kuwafukia mmoja mmoja kwa vidole.

"Dada," Herminda alimwambia, "Celso hajasimama. Hata dawa tunanunua kwa mkopo."

"Najua."

"Basi hukuona kitu."

"Nimeona, Herminda. Ungekuwa mtu baki ningeweza kusema sikuona."

Aliandika jina la Herminda kwenye daftari la chama. Adhabu ilikuwa mwezi mzima bila kushuka majini, na mwezi wenyewe ulikuwa Desemba. Jioni ile Basilisa alileta sufuria ya mchuzi wa maharage na mboga za majani, na ndani yake mfupa mzuri wa nguruwe, akaiweka mlangoni. Herminda aliirudisha hadi mlangoni kwa dada yake, kifuniko hakijafunguliwa. Iliendelea hivyo siku nane: sufuria inakuja, sufuria inarudi. Siku ya tisa haikuja.

Hiyo ndiyo miaka mitatu ya kutosemeshana. Miaka ya kufungwa kwa fungu nayo ilikuwa imalizike Jumatano, siku saba kabla ya Krismasi. Kome walikuwa wamekua, wanene, wa kumjaza mtu kiganja. Maji ya bamvua, yale yanayokupwa kuliko siku zote, yangefika chini kabisa saa tano na robo asubuhi. Na redio ilikuwa imesema mvua kubwa inaingia Jumatano usiku, na watu wa bwawa wamekwisha kutangaza kwamba Alhamisi watafungua milango. Kwa hiyo siku ilikuwa moja tu. Wasipochokora Jumatano, huenda wasingekuta kitu cha kuchokora.

Lakini Corveiro ina desturi, nayo ni ya zamani kuliko masharti ya Basilisa. Akifa mchokora kome, tangu kengele ilie hadi azikwe, hakuna mwenzake anayetia mguu majini. Bahari inaachwa itulie. Hakuna aliyewahi kuivunja.

Saa nane mchana mwili ulikuwa umekwisha kulazwa kwenye chumba cha msiba karibu na kanisa. Basilisa alikuwa mjane asiye na mtoto, kwa hiyo kila jambo liliulizwa kwa Herminda. Padri Evencio, ambaye alihudumia parokia tano na alikuwa na mafua, alimjia na daftari lake.

"Mwanangu, nina nafasi mbili kesho. Saa tano asubuhi au saa kumi na moja jioni. Chagua wewe."

Wanawake waliokaa kando ya ukuta waliacha kusali rozari. Wote walikuwa wanajua maji yanakupwa saa ngapi.

"Saa tano," Herminda alisema.

Saladina aliinamisha kichwa. Otilia alishindwa kujizuia.

"Herminda, dadangu, fikiri kidogo. Ukimzika jioni, pengine Padri angeweza kutupa ruhusa..."

"Ruhusa ya nini? Ya kuchokora wakati yeye yuko hapa, hajafunikwa? Amewafia kwenye fungu lenu, Otilia! Mpeni asubuhi moja."

"Tumempa miaka mitatu!" Otilia alisimama, uso umemwiva. "Miaka mitatu nimekula kome wa darajani kwa sababu yake, na sikujuta, nilimpenda. Wewe je? Wewe hukumpa hata mkono kanisani. Leo ndiyo umeijua heshima?"

"Otilia, kaa chini," Saladina alisema.

"Nakaa. Nimeshasema."

Mwanamke mmoja aliendelea na rozari kwa sauti ya chini, na wengine wakamfuata.

Herminda alivuta kiti hadi kwenye jeneza. Walikuwa wamemvika Basilisa gauni la bluu la sikukuu ya Bikira wa Karmeli, lile alilovaa kila Julai kwenye maandamano ya mashua. Nywele walimchana vizuri. Ila mikono ilikuwa bado ya kazini, na chini ya ukucha wa kidole cha shahada kulikuwa na mchanga mweusi wa fungu. Aliyemwosha hakuweza kuutoa, au hakutaka.

Alitaka kusali. Alianza Salamu Maria mara tatu, na kila mara akafika katikati na kusimama, kwa kuwa maneno ya Otilia yalikuwa yanamjibu kabla ya Mama wa Mungu. Ni kweli. Asubuhi aliyokuwa anaidai haikuwa ya Basilisa, ilikuwa yake mwenyewe. Alitaka Corveiro nzima isimame, maji ya bamvua yapite bure, wanawake wenzake wote wakose Krismasi, ili ionekane kwamba Herminda alimpenda dada yake. Alitaka kulipa, lakini kwa ndoo za wenzake. Na Basilisa, ambaye hakumfichia hata yeye nusu ndoo, angesema nini juu ya hilo?

Alikaa hapo hadi taa za barabarani zilipowashwa. Kisha akainuka, akaenda kumtafuta Padri Evencio, ambaye alikuwa kwenye chumba cha sakristia akinywa maziwa ya moto.

"Padri, iwe saa kumi na moja."

"Na desturi?"

"Desturi ni ya mfiwa. Mfiwa ni mimi."

Padri alipangusa pua. "Hiyo sijaisoma popote," alisema. "Lakini sijasoma pia kwamba si kweli. Nenda ukapumzike."

Asubuhi ya Jumatano wanawake wote walikuwa juu ya ukuta wa ufukwe. Walikuwa wamevaa suruali za mpira na vitambaa vyeusi kichwani, reki begani, ndoo miguuni. Maji yalikuwa yamerudi nyuma, fungu likiwa wazi kama mgongo wa nyangumi, na upande wa kusini wingu jeusi lilikuwa limekaa juu ya bahari. Saa tatu ilipita. Saa tatu na nusu ikapita. Hakuna aliyeshuka. Walikuwa wamesikia kwamba maziko yamesogezwa, lakini kusikia ni jambo moja na kutia mguu ni jambo jingine.

Herminda alitokea kwenye kichochoro cha soko. Alikuwa amevaa suruali ya mpira ya Basilisa, iliyomzidi urefu na kukunjwa chini. Mkononi alishika ndoo ya Basilisa, na shingoni pete ya shaba aliyopewa na Saladina kwenye chumba cha msiba. Alipita katikati yao bila kumtazama mtu. Kwenye ngazi ya mwisho alipiga ishara ya msalaba, akachovya vidole kwenye maji ya bahari, akapiga tena. Kisha akaingia.

Alifika katikati ya fungu kabla hajasikia miguu ya wengine nyuma yake.

Walichokora kimya. Si kawaida yao. Siku nyingine fungu lile huwa na kelele kuliko soko. Herminda alipima kila kome. Wapo aliowajua kwa macho kuwa ni wakubwa, bado aliwapima. Mmoja aligoma kwenye pete, akageuzwa, akapita kwa shida. Aliinama, akamfukia kwa vidole.

"Huyo angeuzika," Otilia alimwambia kutoka hatua chache.

"Amepita."

"Kwa shida."

"Amepita, Otilia."

"Haya, mama mkwe," Otilia alisema taratibu, na machozi yakamtoka, naye akaendelea kuvuta reki.

Kila mmoja aliacha alipofikia kiasi chake. Saa kumi kome walinadiwa. Herminda hakwenda, alikuwa kwenye chumba cha msiba wakifunika jeneza. Saladina ndiye aliyemletea habari, akamnong'oneza kana kwamba ni dhambi.

"Imesimama kwenye hamsini na mbili kwa kilo. Hamsini na mbili! Haijapata kutokea hapa."

Herminda aliitikia kwa kichwa. Alikuwa anasikia jinsi dada yake angesema: imepanda kwa sababu hakuna. Na alijua kwamba kesho milango ya bwawa itafunguliwa, na kwamba wale waliowafukia leo, kila kome mdogo aliyepita kwenye pete, huenda wasione Jumapili.

Misa ilianza saa kumi na moja kamili. Wanawake walikuja moja kwa moja kutoka mnadani, hawakuwahi kubadilisha nguo. Walipanga buti zao za mpira nje, kwenye ukumbi wa kanisa, wakaingia na soksi. Kanisa lilinuka mwani na mishumaa. Padri Evencio alihubiri kwa ufupi kwa sababu ya kifua chake. Alisema Basilisa alikuwa mtu mwaminifu katika vitu vidogo, vidogo vya kupimwa kwa pete, na akaishia hapo.

Wakati wa kutakiana amani Herminda aligeuka kushoto. Benchi lilikuwa tupu. Alinyoosha mkono hata hivyo, ukakaa hewani. Otilia alitoka kwenye safu yake, akavuka njia ya katikati na soksi zilizolowa, akaushika.

Wanawake sita walilibeba jeneza hadi makaburini, kwa kuwa ni mwendo mfupi. Kule wafu hulazwa kwenye matundu ya ukutani; la Basilisa lilikuwa safu ya pili, chini ya la mama yao. Jeneza lilisukumwa ndani. Padri alinyunyiza maji ya baraka, wakasali Baba Yetu na Salamu Maria tatu, na safari hii Herminda alizifikisha mwisho. Aliivua pete shingoni, akamkabidhi Saladina, maana ni mali ya chama. Msalaba waliuacha na Basilisa.

Fundi alipanga matofali, akaanza kupiga lipu. Mvua ilianza akiwa amefika nusu. Watu waliagana, wakaenda mmoja mmoja na miavuli yao. Herminda alibaki kumshikia fundi turubai, lipu isioshwe na maji, hadi alipomaliza. Fundi aliandika jina na tarehe kwa ncha ya mwiko, akasema pole. Herminda akamshukuru, akafunga lango la makaburi, akarudi nyumbani kwa Celso.